Tangi la dizeli la kuta mbili: kufunga king'ora cha uvujaji kisichodanganya

Huku mashariki ya Unguja, kuanzia Michamvi mpaka Makunduchi, kabla sijatazama tangi natazama ardhi. Jiwe letu la matumbawe lina matundu na halizuii kitu. Dizeli ikimwagika haifanyi dimbwi ukaiona. Inazama moja kwa moja hadi kwenye maji tunayochota visimani. Kwa hiyo mteja akiniuliza kuna haja gani ya kuta mbili wakati tangi la ukuta mmoja ni rahisi zaidi, namuuliza kisima chake kiko wapi. Hapo mazungumzo ya bei huisha.

Matangi haya tumekuwa nayo tele tangu kisiwa kizima kilipokosa umeme Mei 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kila mwenye hoteli alitafuta jenereta, na jenereta haikai bila tangi.

Tangi la kuta mbili limeundwa kama chupa ya chai: la ndani lina dizeli, la nje limelifunika, na kati yao pana uwazi mwembamba. King'ora kazi yake ni kuulinda uwazi huo. Hapa kwetu vifaa hivi aghalabu haviharibiki kwa ubovu wa kiwandani. Vinaharibiwa na maji, chumvi, na mtu aliyechoka kusikia kelele.

Anza kwa kuchagua njia. Iliyo rahisi ni kuteremsha sensa, yaani kifaa cha kuhisi kimiminika, chini kabisa ya uwazi, ama boya ama ile ya mwanga, ikiguswa na kimiminika inaita. Bei yake ni nafuu, lakini ina kasoro ambayo muuzaji hakwambii: haioni ukuta wa nje ukitoboka mahali pakavu. Kutu ikila chini ya tangi lililo juu ya ardhi, sensa inakaa kimya kwa kuwa hakuna kilichoingia. Siku ukuta wa ndani nao ukivuja, dizeli inatokea kwenye tundu hilohilo kabla haijapanda kufika kwenye boya. Ndiyo maana karibu na bahari mimi napendelea vakyumu: unanyonya hewa kutoka kwenye uwazi, unafunga, na geji inalinda. Ukitoboka ukuta wowote, wa ndani au wa nje, hewa au dizeli inaingia, vakyumu inapungua na king'ora kinalia.

Kuna wanaopima ujazo wa dizeli tu, leo na kesho, wakidhani tofauti itaonyesha uvujaji. Dizeli inatanuka kiasi cha lita 0.8 kwa kila lita 1,000 joto likiongezeka digrii moja. Tangi la lita 10,000 likipata digrii 5 zaidi mchana, tayari una lita 40 za uongo. Tumia kipimo hicho kwa hesabu za ununuzi.

Ukichagua vakyumu, kiwango cha kunyonya kinatoka kwenye kibao cha tangi. Usikibuni, maana ukizidisha, bati linabonyea ndani. Nyonya jioni, funga koki, soma geji alfajiri, kisha linganisha alfajiri na alfajiri. Usilinganishe alfajiri na saa nane mchana. Hewa iliyobaki ndani nayo inapata joto: ikiwa shinikizo lake ni milibari 600 na jua likaongeza digrii 10, litapanda kama milibari 20 bila tundu lolote. Weka kiwango cha kuamsha king'ora mbali na mchezo huo wa jua, la sivyo kitalia kila mchana wa kaskazi na mwisho mtu atakata waya. Kivuli cha makuti juu ya tangi kinasaidia mno, ila kisikaribie bomba la moshi la jenereta.

Ikiwa tangi lako halikuundwa kwa vakyumu, tumia sensa, lakini nunua inayotofautisha maji na dizeli. Ile ya mwanga peke yake inajua tu kwamba imelowa. Inayotofautisha ina pini za kupima kama kimiminika kinapitisha umeme: maji yetu yenye chumvi na kutu yanapitisha, dizeli haipitishi. Wakati wa masika unyevu unaingia kwenye uwazi na kugeuka maji, nawe lazima ujue kilichogusa sensa ni kipi. Mimi naweka taa mbili, ya buluu kwa maji na nyekundu kwa dizeli, na maneno ukutani kwa Kiswahili.

Kwenye waya sina masihara. Sakiti ipitishe umeme wakati mambo ni salama, na ikatike wakati wa hatari; hapo panya akila waya king'ora kinalia badala ya kunyamaza. Kipe betri yake yenyewe. Ukiazima betri ya kuwashia jenereta, volti zinashuka kila starta ikivutwa na kisanduku cha king'ora kinajizima na kujiwasha. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, wa aina ya vyombo vya baharini. Ule wa kawaida, ukiuchuna baada ya msimu mmoja karibu na ufuo, unakuta shaba imegeuka kijani hadi kiganja kizima ndani ya ganda lake, wakati kwa nje unang'aa kama mpya. Waya uingie kwenye kisanduku kwa chini, na kabla ya kuingia ushushe kidogo upinde ili maji ya mvua yadondoke hapo. Skrubu ziwe stenlesi 316, chuma kinachostahimili kutu ya chumvi.

King'ora kikilia, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) izime pampu inayojaza tangi. Isizime jenereta: kuvuja hakukomi injini ikizimwa, na utakuwa umeongeza giza juu ya tatizo. Ukitaka kitume ujumbe wa simu, sawa, ila laini hiyo mtu awe anaitilia vocha.

Halafu zungumza na mlinzi wa usiku. Nilimuuliza mmoja, "Mzee wangu, hiki kikilia utafanya nini?" Akanijibu, "Nitakizima, fundi, wageni wamelala." Jibu la haki kabisa. Basi kitufe chake kinyamazishe sauti kwa muda tu, taa iendelee kuwaka, na ufunguo wa kufuta tukio uwe kwa meneja.

Kupima, usitosheke na kile kitufe cha "jaribu". Kinapima balbu tu. Itoe sensa, itumbukize kwenye kikombe cha maji, subiri taa ya buluu. Ifute ikauke, itumbukize kwenye dizeli, subiri nyekundu. Kwa vakyumu, legeza koki polepole na uandike geji ilikuwa ngapi kilipolia. Fanya hivyo kila masika yanapokwisha.

Ikiwaka nyekundu, usipokee gari la mafuta. Funga valvu, hamishia dizeli tangi jingine, ndipo utafute tundu. Ikiwaka buluu, vuta sampuli kwa mpira mwembamba na uipime kwa kipimo cha chumvi kile cha visimani. Maji yakiwa karibu matamu, ni unyevu au mvua iliyopita kwenye kifuniko cha juu. Kausha, badilisha mpira wa kifuniko, rudisha sensa. Yakiwa ya chumvi kali na tangi limefukiwa karibu na ufuo, ukuta wa nje umetoboka. Hilo usilikaushe na kulirudishia kazi. Hamishia dizeli yake yote tangi jingine kwanza, ndipo lifukuliwe.