Jinsi ya kujua toleo la PowerShell linaloendesha skripti yako

Juzi usiku kijana wa jirani yangu hapa Machomane, Chake Chake, alinitumia ujumbe: "Ami, ile skripti inagoma. Inasema haimjui huyo Parallel." Nikamuuliza ana toleo gani la PowerShell, ile programu inayoendesha skripti, yaani faili la amri zilizoandikwa. Akajibu hapo hapo: "1.0, ami. Nimeliona kwenye folda."

Jibu hilo nimeshalipokea kwa walimu, kwa makarani na kwa mafundi wenzangu. Anayelitoa huwa hadanganyi, kweli kaliona kwa macho yake. Basi nimeona niziandike hatua zote, na ile ya 4 nitaikalia kitako, kwa sababu ndiyo iliyonikesha mimi.

Shika jambo hili kwanza: kompyuta moja ya Windows huweza kuwa na PowerShell mbili, zinakaa pamoja bila kugombana. Moja ni ile ya zamani iliyozaliwa 2006, inakuja na Windows yenyewe, na safari yake imeishia toleo la 5.1 la 2016. Unaikuta hata kwenye Windows 11. Ya pili ni mpya, huendeshwa pia kwenye Linux na Mac. Ilianza na 6.0 mwaka 2018, ikafuata 7.0 mwaka 2020, na hii lazima uisakinishe mwenyewe. Ya zamani huitwa kwa jina la `powershell`, mpya huitwa `pwsh`. Kwa hiyo mtu akikuuliza una toleo gani, nawe muulize: la ipi?

Hatua ya 1: Fungua dirisha

Bonyeza kitufe cha Windows, andika powershell, piga Enter.

Hatua ya 2: Uliza toleo

Andika:

`$PSVersionTable`

Alama ya dola ni sehemu ya jina, usiiache. Ukiiacha utapata maandishi mekundu ya makosa. Itatoka jedwali. Tazama mistari miwili tu: PSVersion na PSEdition. Ukiona 5.1 na neno Desktop, uko kwenye ya zamani. Ukiona 7 na kitu, na neno Core, uko kwenye mpya.

Ukitaka namba peke yake:

`$PSVersionTable.PSVersion`

Hapa kuna alama ndogo ninayoipenda. Kwenye ya zamani safu zake ni Major, Minor, Build na Revision. Kwenye mpya, baada ya Minor inafuata Patch. Mtu akikutumia picha ya skrini iliyokatwa vibaya hata namba hazionekani, vichwa vya safu vinatosha kukwambia ni ipi.

Hatua ya 3: Itafute ile nyingine

`pwsh -v`

Ikiwepo, itajibu mstari mmoja, mfano PowerShell 7.4.6. Ikisema haitambui neno pwsh, basi haijasakinishwa, au imesakinishwa na dirisha lako lilifunguliwa kabla. Lifunge, fungua jipya, jaribu tena.

Kujua inakaa wapi, andika `where.exe pwsh`. Usiache ile .exe, maana ndani ya PowerShell neno where peke yake ni amri nyingine kabisa ya kuchuja vitu.

Sasa njia tatu ambazo watu hufundishana na mimi nakuomba uziache. Ya kwanza ni folda. PowerShell ya zamani inakaa kwenye `C:\Windows\System32\WindowsPowerShell\v1.0`, na hiyo v1.0 haikubadilika hata toleo lilipofika 5.1. Ndiyo iliyompoteza kijana wangu. Ya pili ni `Get-Host`. Hiyo inataja toleo la programu iliyokubebea dirisha, ambalo mara nyingi hulingana na la PowerShell, na mara nyingine halilingani. Ukiwa umeingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali itakujibu 1.0.0.0, nawe utaamini. Ya tatu ni `powershell -Version`. Kwenye `pwsh` neno hilo hukupa toleo vizuri, lakini kwenye ya zamani maana yake ni "niwashie toleo namba fulani", na inasubiri umpe namba. Kaa na `$PSVersionTable`.

Hatua ya 4: Hakikisha ni ipi inayoendesha skripti

Hapa ndipo penyewe. Kila ulichofanya hadi sasa kimekwambia toleo la dirisha lililo mbele yako. Skripti yako huenda haipiti kwenye dirisha hilo.

Kuna skuli moja huku kusini mwa Pemba niliitengenezea skripti ya kadi za wanafunzi. Karani aliandika orodha: jina, darasa, shehia, kila mwanafunzi mstari wake. Skripti inasoma orodha kwa `Get-Content`, inatoa kadi. Kwenye laptopu yangu kila kitu safi. Kwenye kompyuta ya ofisi, kadi za watoto wa Kengeja na Mtambile zilitoka vizuri, za watoto wa Ng'ombeni zikatoka hivi:

`Ngâ€™ombeni`

Kadi zilitakiwa asubuhi. Nikadhani ni printa. Nikabadilisha fonti. Nikamwomba karani aandike upya mistari ile, na kwa subira yake akaandika, ikatoka vile vile. Toleo nililiangalia zaidi ya mara moja: nafungua dirisha jeusi, naandika `$PSVersionTable`, linajibu 7, sawa na langu. Nikaliondoa toleo kwenye orodha ya mashaka, na hapo ndipo nilipopotea. Ilipita saa nane za usiku ndipo nilipofungua lile faili la .bat tuliloliweka kwenye skrini ili karani abofye mara mbili tu. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja:

`powershell -File C:\Orodha\kadi.ps1`

Imeandikwa powershell, si pwsh. Dirisha nililokuwa nikiliuliza lilikuwa 7, na kadi zilikuwa zikitengenezwa na 5.1.

Kilichoharibika ni ritifaa. Karani aliandika kwanza kwenye Word, na Word huipinda ile ritifaa ya ng' iwe na mkia. Kisha akanakili kwenye Notepad, ambayo siku hizi huhifadhi herufi kwa mpangilio wa UTF-8, bila alama ya mwanzo (BOM) ya kuutambulisha. PowerShell 7 husoma faili kama hilo kuwa UTF-8. Ya 5.1, kwa `Get-Content`, hulisoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows, na ritifaa moja iliyopinda inageuka kuwa vijidudu vitatu. Kengeja haina ritifaa, ndiyo maana ilisalimika. Hata alipoandika upya, aliandika kule kule Word.

Nilibadilisha neno moja kwenye .bat, kadi zikatoka. Tangu siku ile, skripti yangu yoyote inayokwenda kwa mtu ina mistari miwili. Wa kwanza kabisa juu:

`#Requires -Version 7.0`

Skripti ikiangukia mikononi mwa 5.1 itakataa kabla ya kufanya lolote, na itasema inataka toleo gani. Ni bora mara kumi ikatae kuliko iharibu majina ya watoto kimyakimya.

Wa pili, chini yake:

`"$(Get-Date) $($PSVersionTable.PSVersion) $PSHOME" | Add-Content C:\Orodha\kumbukumbu.txt`

Huu unaandika tarehe, toleo, na folda ya PowerShell iliyoendesha skripti hiyo kweli. Angalizo: ukitaka kuchunguza ni ipi inayoendesha, uondoe kwa muda ule mstari wa `#Requires`, la sivyo 5.1 itakataa na hutapata kumbukumbu yoyote. Endesha skripti kwa njia ile ile anayotumia mwenye kazi. Kama anabofya, nawe bofya. Kama inaendeshwa usiku na Task Scheduler, programu ya Windows ya kuendesha kazi kwa saa iliyopangwa, ngoja usiku upite ndipo usome faili.

Sehemu za kukagua: faili za .bat, kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler (tazama jina la programu inayoitwa), na ile amri ya "Run with PowerShell" unayoipata kwa kubofya kulia, ambayo huita ya zamani. Ukiandikia kwenye Visual Studio Code, andika `$PSVersionTable` ndani ya dirisha lake pia. PowerShell ISE, kile kihariri cha skripti cha zamani, usihangaike nayo, inaishia 5.1 na mimi nimeshaiacha.

Kama huruhusiwi kusakinisha kitu kwenye kompyuta ya ofisi, sema wazi kwenye skripti:

`Get-Content orodha.txt -Encoding UTF8`

Hiyo husomeka sawasawa pande zote mbili. Na skripti yenyewe ikiwa na ritifaa zilizopinda ndani yake, ihifadhi kwa UTF-8 yenye BOM, maana 5.1 huisoma skripti kwa mpangilio ule ule wa zamani.

Hatua ya 5: Ukihitaji 7

`winget install --id Microsoft.PowerShell --source winget`

Hiyo winget ni kisakinishi cha Windows, huipakua mtandaoni. Ni takriban MB 100. Mimi napakua faili la .msi mara moja na kutembea nalo kwenye flashi, sili bando la mtu. Ya zamani haitaondoka, na usijaribu kuiondoa, Windows inaitegemea.

Kijana wangu alikuwa na 5.1 tu, na `ForEach-Object -Parallel`, inayoshughulikia vitu vingi kwa wakati mmoja, imekuja na 7.0. Hakuwa na bando usiku ule. Nikamwambia, "Futa neno `-Parallel` pamoja na kistari chake, mwanangu, na kila palipoandikwa `$using:` bakisha `$` tu." Orodha yake ya mistari mia na kidogo ikaenda mmoja mmoja, ikamaliza kabla hajaniaga.