Kabla ya Kulipia Chumba Solan, Himachal Pradesh

Ndugu unayejiandaa kuja kusoma kaskazini mwa India, barua ya chuo ikitaja Solan, usilipie chumba mpaka ujue ni Solan ipi. Jina hilo ni la mji mdogo wa mlimani, na pia ni la wilaya nzima yenye kilomita za mraba 1,936. Vyuo kadhaa vya binafsi huandika jina la wilaya tu, na mawakala wa kwetu, ambao wengi wao hawajawahi kufika huku, hulichukua kuwa ni la mji. Mimi nilikodishiwa chumba mjini, karibu na Mall Road, kodi ikalipwa kabla sijapanda ndege, kumbe chuo kiko upande wa Baddi, mji wa viwanda katika wilaya hiyo hiyo, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Mwenye nyumba hakurudisha hata rupia moja.

Mji wenyewe uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara ya kutoka Chandigarh kwenda Shimla, na reli nyembamba ya Kalka hadi Shimla, iliyofunguliwa mwaka 1903, inapita hapo. Nyumba zimejengwa kwenye mteremko, hivi kwamba mlango wa jirani unaweza kuwa sawa na paa lako, na nyingi hazina chochote cha kupasha joto usiku wa Januari. Baddi iko chini kabisa, kwenye vilima vya Shivalik. Kule viwanda vya dawa vimejazana tangu serikali ilipoanza kutoa nafuu za kodi mwaka 2003, na kiangazi ni cha kutafuta feni, si blanketi. Yote mawili ni Solan kwenye karatasi.

Idadi ya watu nayo ni mtego. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 39,000 na ushei mjini, na zaidi ya 580,000 katika wilaya yote, ambamo chini ya mtu mmoja kati ya watano anaishi katika mji wowote ule. Sensa iliyotarajiwa mwaka 2021 iliahirishwa, kwa hiyo takwimu zinazozunguka ni hizo hizo za zamani. Wakala akimwambia mama yako kwamba unakwenda kwenye mji wa watu laki tano na elfu themanini, amempa hesabu ya wilaya. Wazazi wetu, tunawaheshimu, lakini msitoe fedha kwa sababu ya tarakimu kubwa na picha ya mlima.

Viza, kadi ya homa ya manjano na vyeti mnavijua. Lililoniumiza ni polisi. Mwenye viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 hujiandikisha ndani ya siku 14 tangu afike, na mwenye nyumba hujaza fomu ya kuarifu kwamba amempokea mgeni kutoka nje, inayojulikana kama Fomu C, ndani ya saa 24. Baddi ina wilaya yake ya kipolisi, tofauti na ile ya Solan. Fomu yangu ilijazwa mjini, mimi nikawa nimehamia bondeni, na muda ukapita huku kila ofisi ikinielekeza kwa mwenzake. Narudia: anwani ya chumba chako ndiyo inayoamua ofisi yako, kwa hiyo ukikosea chumba umekosea na polisi.

Wenyeji wa milimani ni wapole na hawana haraka, na kwa maoni yangu wanatushinda kwa kuheshimu foleni ya basi. Hata hivyo baadhi ya wenye nyumba wanaogopa Fomu C kwa kuwa inaonyesha kipato chao cha kupangisha. Anayekataa kuijaza, mwache, hata kama chumba ni kizuri.

Usipange kufika siku ya mwisho ya kuripoti chuoni kati ya Julai na Septemba, msimu wa mvua kubwa. Agosti 2023 maporomoko ya ardhi yaliikata barabara kuu hapo Chakki Mor, chini ya mji.

Kiandikie chuo chenyewe, si wakala, ukiomba jina la kijiji, tehsil (yaani tarafa) na namba ya posta ambayo wenyewe huiita PIN. Solan mjini ni 173212, Baddi ni 173205. Wakikujibu kwa jina la wilaya peke yake, andika tena, na fedha ya chumba ibaki nyumbani mpaka namba hiyo ije.