Kupaka damu ya ng'ombe kwenye slaidi na kuitia rangi ya Giemsa: chunga maji

Juzi mwanafunzi mmoja wa maabara aliniletea slaidi sita, zote akiwa ameziandikia ndigana baridi (ugonjwa wa damu wa ng'ombe unaoenezwa na kupe). Mbili kati yake zilikuwa za ng'ombe wazima wasio na homa wala upungufu wa damu. Alichokiona kilikuwa uchafu wa rangi. Tulirudia kazi yote pamoja, hivi:

1. Damu. Toboa ncha ya sikio au ya mkia, futa tone la kwanza, chukua la pili. Usikimbilie mshipa wa shingo: Babesia bovis, kimelea mwingine wa damu, hujazana kwenye kapilari (mishipa midogo kabisa), na damu ya shingoni inaweza kukudanganya kwamba hayupo.

2. Kupaka. Slaidi ya kusukumia iinamishe nyuzi 30 hadi 45, sukuma mara moja bila kusita. Ikiharibika, chukua slaidi nyingine.

3. Methanoli. Damu ikikauka kabisa, chovya dakika 2 au 3. Chupa ifungwe muda wote. Methanoli iliyonyonya unyevu huacha vishimo vinavyong'aa ndani ya chembe nyekundu, na asiyezoea ataviita vimelea.

4. Rangi. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima. Nilibadilisha rangi, nikabadilisha methanoli, nikailaumu hata hadubini, kumbe ni maji. Maji yaliyokenekwa yakikaa wazi hunyonya kabonidioksidi ya hewani na kuwa na asidi. Hapo chembe nyekundu hukolea wekundu, viini hupauka, na ile buluu ya mwili wa kimelea haionekani. Maji yakiwa na alkali kupita kiasi, kila kitu huwa buluu.

Kwa hiyo tumia bafa ya fosfati (maji yenye chumvi zinazozuia pH isibadilike) yenye pH 7.2. Ipime kwa mita. Karatasi za rangi siziamini, maana 6.8 na 7.2 kwa macho ni kitu kimoja. Changanya sehemu 1 ya Giemsa na 9 za bafa, acha slaidi humo dakika 20 hadi 30. Mchanganyiko uliobaki mwaga, usiuweke wa kesho.

Chupa kuu ya Giemsa isiguswe na tone la maji: pipeti iwe kavu kabisa. Wala usiitikise kabla ya kuchota, utaamsha mashapo. Ukiyaona, chuja kwa karatasi.

Napendelea kusimamisha slaidi ndani ya mtungi wa rangi, kwani mashapo hutua chini badala ya kutua juu ya damu. Ukilazimika kuilaza, usimwage rangi kwanza ndipo usuuze, kwa sababu ule utando unaometameta juu ya rangi utashuka na kunata kwenye damu. Mimina bafa hadi utando uelee na kutoka wenyewe. (Slaidi zile sita zilimwagwa kwanza.)

5. Kusoma. Lenzi ya 100 na mafuta, pale ambapo chembe hazijapandana. Anaplasma marginale, kisababishi cha ndigana baridi, ni kidoa cheusi cha mviringo ndani ya chembe nyekundu, karibu na ukingo. Zungusha taratibu kirekebishi kidogo cha hadubini (kile cha kulenga kwa usahihi): doa likionekana vizuri wakati chembe yenyewe imefifia, huo ni uchafu uliokaa juu yake. Tazama pia nafasi kati ya chembe. Madoa yakiwa mengi hata huko, rudi hatua ya 4.

Ukishuku ndigana kali (ugonjwa mwingine unaoenezwa na kupe), damu pekee haitoshi. Vuta majimaji kwa sindano kwenye tezi iliyovimba, kisha utafute vimelea ndani ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe).