Boksi la mazoezi ya upasuaji wa matundu, la kutengeneza nyumbani

Boksi langu la kwanza lilikuwa la nguo za mtoto. Lile la plastiki la rangi ya maziwa, refu sentimita 40 hivi, kina sentimita 20, lenye kifuniko cha kubana pembeni. Mwanangu alikua, nguo zikaenda kwa binamu zake, boksi likabaki mvunguni. Ndilo lililonifundisha kushona kwa vyombo virefu kabla sijaruhusiwa kushona ndani ya tumbo la mtu. Wadogo zangu mnaoanza upasuaji wa matundu, ule wa kupitisha kamera na vyombo virefu kwenye matundu madogo ya tumbo, mnaniuliza kila mara nililitengenezaje, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Kwanza mjue kwa nini nalisisitiza. Mwaka 2013 John Birkmeyer na wenzake wa jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha utafiti wa mabingwa 20 wanaofanya upasuaji wa kupunguza unene kwa matundu. Kila bingwa alitoa video moja ya kazi yake mwenyewe. Mabingwa wenzake wakaitazama bila kuambiwa ni ya nani, wakaipa alama za ustadi wa mikono. Kisha alama zile zikawekwa kando ya yaliyowapata wagonjwa. Kwa robo ya mabingwa wenye alama za chini kabisa, asilimia 14.5 ya wagonjwa walipata madhara baada ya upasuaji. Kwa robo ya juu, asilimia 5.2. Niliusoma nikiwa residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa pili, na kilichonikaa rohoni ni kwamba hata hao wa robo ya chini ni mabingwa kamili, wanaifanya kazi hiyo siku zote. Mikono yenyewe, jinsi inavyoshika na inavyogusa, ndiyo iliyowatofautisha wagonjwa wao.

Na mikono inafundishika nje ya mgonjwa. Chuo Kikuu cha Yale walilijaribu hilo wakatoa majibu mwaka 2002: maresidenti 16, wengine wakazoezwa kwanza kwenye mashine mpaka wafikie kiwango kilichowekwa, wengine wakaendelea na mafunzo ya kawaida. Walipoingia thieta kutoa kifuko cha nyongo, waliozoezwa walikibandua kwenye ini kwa muda pungufu wa asilimia 29, na wasiozoezwa walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kifuko au kuunguza mahali pasipohusika. Mashine yao ilikuwa ya kompyuta, ya bei kubwa. Lakini shikeni neno moja katika utafiti ule: kiwango. Hawakuzoezwa kwa saa kadhaa kisha wakapewa cheti. Walizoezwa mpaka wafike. Hilo hata boksi la nguo linaliweza.

Sasa tulitengeneze.

Kifuniko ndicho ukuta wa tumbo. Toboa matundu mawili ya upana wa sentimita tatu hivi kwa ajili ya vyombo, na moja katikati yao kwa ajili ya kamera. Mimi nilimpa fundi wa madishi ya TV mtaani kwetu, akatoboa kwa drili yake dakika tano. Usitoboe kwa kukisia. Watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha mwaka 1997 kwamba vyombo viwili hufanya kazi vizuri zaidi vikikutana kwa pembe ya nyuzi 60. Huhitaji kipimapembe. Chukua uzi: kutoka tundu la kushoto hadi penye zoezi chini, kutoka hapo hadi tundu la kulia, na kutoka tundu hadi tundu, pande zote tatu ziwe na urefu mmoja. Kwangu ilitoka sentimita 24. Pembetatu ya pande sawa inakupa nyuzi 60 bila hesabu yoyote.

Juu ya kila tundu la chombo gundisha kipande cha tyubu ya baiskeli, ukichane katikati mkato mdogo wa msalaba. Usiruke hatua hii ukaacha tundu wazi. Mpira unakibana chombo kama ukuta wa tumbo unavyokibana, na bila huo ubanaji hutaizoea ile hali ya kukigeuzia chombo kwenye tundu: mkono unakwenda kulia, ncha inakwenda kushoto. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimekulia kwenye mashua za baba, na kana, ule mpini wa usukani, inafanya vivyo hivyo, unaisukuma huku omo, mbele ya mashua, linageukia kule. Akili inakubali mara moja. Mkono unakubali baada ya wiki mbili.

Kamera: tafuta ile ya kompyuta yenye waya, ifungie chini ya kifuniko, iangalie zoezi. Simu inafaa ukikosa, ila kioo chake kinabaki juu ya boksi na shingo yako inainama muda wote. Weka kompyuta mbele yako moja kwa moja, kioo kikae usawa wa mikono, kisiwe juu ukutani wala pembeni. Mwanga nilitumia ukanda wa taa za LED unaowaka kwa powabenki, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa na chaji, umeme ukikatika mazoezi yanaendelea. Mwisho wa yote, urefu wa meza. Mishikio ya vyombo ije usawa wa kiwiko. Mimi ni mfupi, meza ya chakula pamoja na boksi vilinizidi, kwa hiyo nilisimama juu ya kreti ya soda.

Vyombo ni vinne: makoleo mawili, mkasi, kishika sindano. Muombe muuguzi kiongozi wa thieta vile vilivyokwisha makali au vya kutumika mara moja vilivyokusudiwa kutupwa, vikishasafishwa na kutakaswa. Na hapa naomba mnisikilize sana. Mahali nilikosomea, koleo la mazoezi liliwahi kuachwa kwenye trei ya vyombo vinavyokwenda kuchemshwa. Niliyeliacha ni mimi. Muuguzi aliona chembe ya mpira mweusi katikati ya meno yake, akalitoa. Asingeiona, lingeingia tumboni kwa mtu. Siku hiyohiyo nilipaka mishikio yote rangi nyekundu ya kucha, na vyombo vile havikutoka tena nyumbani kwangu. Fanya hivyo kabla ya zoezi la kwanza.

Anza na kuhamisha. Pigilia misumari 12 kwenye ubao, sita kushoto, sita kulia, na ukate vipande sita vya mpira vyenye tundu. Mkono wa kushoto unanyanyua kipande, unakikabidhi kwa mkono wa kulia hewani, wa kulia unakivika msumari wa upande wake. Vyote sita, kisha urudishe kwa kubadili mikono. Lengo ni sekunde 48 kwenda na kurudi, bila kipande kuangukia usipoweza kukifikia. Ndicho kiwango kinachotumika kuwazoezea wanaojiandaa na FLS, mtihani wa Marekani wa stadi za msingi za upasuaji wa matundu. Mara ya kwanza nilitumia dakika nne na sekunde kumi. Nilifika 48 wiki ya sita.

Kukata duara kwenye gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ni zoezi zuri, lifanye, halina maneno mengi: koleo linavuta, mkasi unafuata mstari.

Kushona ndiko kwenye kazi. Chukua kipande cha tyubu ya baiskeli, kichane sentimita moja na nusu, weka nukta ya kalamu kila upande wa mchano. Uzi uwe sentimita 15 tu, na uingize kwa kuushika karibu na sindano, kamwe usishike sindano yenyewe. Ndani, isimamishe: koleo la kushoto linashika uzi karibu na sindano, linainyanyua kidogo hadi ncha iguse mpira, sindano inazunguka yenyewe mpaka ikae vizuri. Ndipo kishika sindano kiidake theluthi ya nyuma, wima kabisa. Ingiza penye nukta, geuza kifundo cha mkono badala ya kusukuma, toka penye nukta ya pili.

Wengi hukwama hapa. Vuta uzi mpaka mkia ubaki sentimita mbili. Mkia ukibaki mrefu, utazungusha kitanzi vizuri, utaushika, utavuta, na hautatoka kitanzini. Utavuta tena, na fundo lote litafumuka. Nilipoteza siku tisa nikilaumu mikono yangu kumbe ni mkia. Laza uzi uwe kama herufi C karibu na mpira, zungusha mara mbili, shika mkia mfupi, kaza kwa kutanua mikono sambamba. Kisha mzunguko mmoja, badili mkono, mzunguko mmoja. Sekunde 112 ndicho kiwango. Kisha tanua mchano kwa nguvu. Fundo likiteleza, halihesabiwi, hata ungetumia sekunde 60.

Dakika 20 kila siku zinashinda Jumamosi nzima. Watafiti wa Toronto, Kanada, waliwalinganisha maresidenti 38 wanaojifunza kuunga mishipa midogo: waliofundishwa mara nne, kila wiki mara moja, walifanya vizuri kuliko waliofundishwa yote siku moja. Andika muda wako kwenye daftari, na rekodi video moja kila wiki umwonyeshe bingwa wako.

Kuna jambo boksi haliwezi. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake wa San Francisco walichambua kesi 252 za mirija ya nyongo iliyojeruhiwa katika upasuaji wa matundu wa kutoa kifuko cha nyongo. Asilimia 97 zilitokana na jicho kudanganyika: daktari aliona mrija mkuu wa nyongo, usiopaswa kukatwa, akaamini ni mrija mdogo wa kifuko, akaukata kwa mkono usiotetemeka. Kwa hiyo sambamba na boksi, jizoeze kuona. Vigezo vya kutimiza kabla ya kukata, vilivyoelezwa na daktari Steven Strasberg mwaka 1995, ni vitatu, na vyote vitimie: mafuta na nyuzinyuzi zimeondolewa kwenye pembetatu kati ya ini, mrija na kifuko, theluthi ya chini ya kifuko imebanduliwa kutoka kwenye ini, na vinavyoingia kwenye kifuko ni viwili tu, mrija wake na mshipa wake wa damu. Tafuta video za upasuaji huo, simamisha kabla ya klipu, kile kibanio cha kufungia mrija, jiulize kama vimetimia. Visipotimia mezani, mwite mkubwa wako, au fungua tumbo, au acha sehemu ya kifuko ndani.

Mimi hadi leo, kabla ya klipu ya kwanza, nataja kwa sauti: mafuta yametoka, theluthi ya chini imebanduka, ni viwili tu. Muuguzi wangu hanipi klipu mpaka avisikie vyote vitatu.