Kinga tundu la antena: toa chaji kwenye waya kabla haijaifikia redio

Kuna redio zinazofika kwa fundi zikiwa hai lakini viziwi. Taa zinawaka, stesheni ya mjini inasikika, ila zile za mbali zilizokuwa zikiingia vizuri usiku zimepotea. Ukifungua, spika ni nzima na betri ni nzima. Kilichoumia ni transista ya kwanza nyuma ya tundu la antena, au chipu ya kupokea kama ni kile kipokezi kidogo cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta. Matabaka ya ndani ya vifaa hivi ni membamba mno, na umeme tuli huweza kuyatoboa kabla hujapepesa jicho.

Huku Kisumu lawama zote hutupiwa radi. Radi zipo kweli: bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Alasiri mawingu hunguruma upande wa Nandi na Kericho, na usiku ngurumo huhamia juu ya ziwa lenyewe. Lakini redio huweza kuharibika bila radi kupiga popote karibu. Wingu zito likipita juu ya waya mrefu, waya huo hujaa chaji. Matone ya mvua huleta chaji yake. Na kwa walio Nakuru, upepo wa vumbi wa Januari na Februari hufanya kazi hiyo hiyo pasipo wingu lolote.

Hesabu yake ni hii. Kebo ya RG-58, ile nyembamba ya antena yenye waya wa katikati na wavu wa nje, ina takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji) katika kila mita. Ukivuta mita 20 kutoka kwenye mwembe hadi dirishani, una kapasita, yaani kihifadhi chaji, ya nanofaradi 2. Ikijaa hadi volti 1,000 huku ikining'inia bila kuchomekwa, imebeba milijuli 1. Mwili wa mtu, kwa kipimo wanachotumia viwandani kujaribia chipu, huhesabiwa kuwa pikofaradi 100 zinazopita kwenye omu 1,500. Mtu mwenye volti 4,000 akigusa chipu, huipa takriban ampia 2.7. Ile kebo haina omu 1,500 za kuipunguza kasi. Ina omu 50 zake tu, kwa hiyo ukiichomeka inaweza kusukuma karibu ampia 20. Ndiyo maana nasisitiza: anza na kuzuia chaji isikusanyike. Diodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu na ambavyo watu wengi huvikimbilia kwanza, zije baadaye. Vyote tutaviweka ndani ya kisanduku kidogo cha bati kati ya antena na redio: rezista ya kutoa chaji, kapasita, kisha diodi.

Hatua ya 1: Pima antena uliyo nayo

Chomoa kebo kwenye redio siku ya anga safi. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye waya wa katikati na nyingine kwenye wavu wa nje. Ikisoma karibu na sifuri, kama zinavyosoma antena nyingi za TV zenye kitanzi, basi chaji ina njia ya kupita na kazi yako imepungua nusu. Ikisoma wazi kabisa, kama waya mrefu wa mawimbi mafupi au fito moja iliyosimama, hiyo ndiyo inayohitaji kisanduku hiki zaidi.

Angalia pia kama juu ya nguzo kuna kikuza mawimbi kinachopata umeme wake kupitia kebo hiyo hiyo. Kama kipo, usitumie diodi nitakazozieleza hapa chini. Zitaubana umeme huo hadi chini ya volti 2 na kikuza mawimbi kitazima. Kapasita ya katikati ya njia nayo itaukata umeme huo, kwa hiyo iache pia. Rezista peke yake haina shida nacho.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Unahitaji rezista 2 za kilo-omu 47, za nusu wati. Diodi 4 aina ya 1N4148. Kapasita 1 ya kauri ya nanofaradi 10 inayostahimili volti 500 au zaidi. Soketi 2 za kebo yako. Na kimkebe cha bati kinachoshika risasi ya kulehemu. Ukizunguka Kibuye au Kondele kwa mafundi wa TV utapata karibu vyote kwenye bodi mbovu. 1N4148 ni ile ndogo ya kioo chenye rangi ya chungwa na mstari mweusi. Kapasita za volti nyingi zimejaa kwenye TV za zamani za kichogo, lakini hakikisha TV hiyo imekaa bila umeme na kapasita yake kubwa imemaliza chaji kabla hujatia mkono.

Usidanganyike kuweka 1N4007 kwa sababu zipo kila mahali. Hiyo ni diodi ya kugeuza umeme wa nyumbani, ina pikofaradi nyingi na itameza mawimbi unayotaka kuyasikiliza.

Hatua ya 3: Rezista, upande wa antena

Lehemu zile rezista mbili zikifuatana, kutoka waya wa katikati wa soketi ya antena hadi kwenye bati la kimkebe. Jumla ni kilo-omu 94. Mbili hugawana volti, na hivyo ni salama kuliko moja. Kwa kebo ile ya nanofaradi 2, chaji yote hushuka ardhini ndani ya milisekunde 1 hivi, na inaendelea kushuka kila inapoingia, kama tundu dogo linalotoa maji ya tangi kabla hayajafurika. Mawimbi ya redio hayapotei kwa kiasi cha kusikika, kwa sababu omu 94,000 ni nyingi mno mbele ya omu 50 au 75 za kebo.

Pima sasa, kabla ya kuweka diodi. Lazima usome karibu kilo-omu 94 kati ya katikati na bati.

Hatua ya 4: Kapasita, kisha diodi

Kapasita inakaa katikati ya njia: mguu mmoja kwenye soketi ya antena, mwingine kwenye soketi ya redio. Huzuia umeme wa taratibu na kupitisha mawimbi. Kwa mawimbi mafupi nanofaradi 10 inafaa. Kwa FM na juu yake nanofaradi 1 inatosha.

Diodi zinakaa upande wa redio. Unganisha mbili zikifuatana, mstari ukielekea upande mmoja, kutoka katikati hadi kwenye bati. Kando yake weka mbili nyingine zikielekea upande wa pili. Jozi hizo zitaanza kupitisha umeme kwenye takriban volti 1.2 hadi 1.4, kwa chaji chanya au hasi. Kwa nini nisitumie moja moja? Ukiishi karibu na mnara wa FM, mawimbi yake makali huweza kuifungua diodi moja kwa volti 0.6, ikaanza kuchanganya stesheni, na utasikia sauti mahali pasipo na stesheni yoyote. Faida nyingine: diodi mbili zikifuatana zina nusu ya pikofaradi za moja.

Hata hivyo, kisanduku hiki ni cha mawimbi mafupi hadi FM. Kwa kipokezi cha USB kinachosikiliza megahatsi mia kadhaa, tafuta BAV99, yenye diodi mbili ndani ya kipande kimoja na pikofaradi chache zaidi. Baadhi ya vipokezi hivyo tayari vinayo kwenye bodi. Vingine vya bei ya chini vimeachwa bila kitu, na unaweza kuona nafasi yake tupu karibu na tundu.

Miguu iwe mifupi kabisa. Kila sentimita ya waya ina takriban nanohenri 10 (kipimo cha jinsi waya unavyopinga mkondo unaobadilika ghafla), na mkondo wa ampia 10 ukipanda kwa nanosekunde 1 huacha volti 100 kwenye sentimita hiyo moja. Diodi nzuri yenye miguu mirefu inaipelekea redio volti ulizotaka kuziepuka. Mimi hulehemu mguu hadi karibu kabisa na kioo, kwa haraka, ili joto lisiipasue.

Usipitishe kamwe redio ya kutuma kwenye diodi hizi. Wati 5 kwenye omu 50 hufika volti 22 kwenye kilele. Diodi zitaungua na kifaa chako cha kutuma huenda kikafuata. Kwa redio kama hiyo, bakiza rezista na uongeze kimrija cha gesi cha volti 90, ambacho hupitisha umeme volti zikizidi hapo, kutoka katikati hadi kwenye bati.

Hatua ya 5: Ardhi

Kimkebe bila ardhi kinahamisha tatizo tu. Pigilia fito ya shaba ya kutia ardhini chini ya dirisha kebo inapoingilia, uunganishe na bati kwa waya mnene na mfupi. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano hupitisha umeme vizuri ukiwa na unyevu. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru hukauka haraka, kwa hiyo huko fito iende chini zaidi. Fundi wa umeme aunganishe fito hiyo na ardhi ya nyumba, zisibaki ardhi mbili zenye volti tofauti. Usitegemee bomba la maji, mengi sasa ni plastiki.

Hata baada ya haya yote, radi ikipiga nguzo yako moja kwa moja, hakuna diodi itakayosalia. Ukisikia ngurumo ya kwanza kwa mbali, usiiguse tena kebo. Zoea kuchomoa mapema, wingu likiwa bado upande wa Nandi, na uiache kebo nje ya dirisha ikiwa imeunganishwa na fito.

Hatua ya 6: Kuchomeka na kukagua

Unaporudisha kebo, gusanisha kwanza chuma cha nje cha plagi na chuma cha nje cha soketi, kisha ndipo ingiza ncha ya katikati. Kompyuta ya mkononi yenye chaja ya pini mbili haina ardhi, na huo mguso wa kwanza ndio unaosawazisha volti.

Baada ya kila msimu wa mvua, fungua kimkebe. Rezista zisome tena kilo-omu 94. Kisha geuza multimita iwe kwenye alama ya diodi, upime soketi ya redio pande zote mbili: kila upande usome takriban 1.2. Multimita nyingine huonyesha hapo kuwa njia iko wazi kwa sababu volti zake hazitoshi, basi pima diodi moja moja, kila moja karibu 0.6. Ikisoma sifuri, diodi hiyo imepokea pigo lililokuwa likielekea kwenye redio. Ikate, weka mpya, pima tena, ufunge kimkebe.