Kabla ya kusema karuho: namna ya kutafuta kwa nini damu imeganda kwenye mshipa wa maini

Hapa Bukavu kijana akitapika damu tu, wakubwa wanakaa kikao: amelishwa karuho, ile sumu ya kulishwa kwa siri, nani alimupa ile biya? Ngojeni kwanza. Iko mshipa mmoja mnene, veni porta, unatoa damu kwenye matumbo na bandama unaipeleka kwenye maini. Ukizibwa, damu inatafuta njia ya panya kwenye mishipa ya umio, ile inavimba, siku moja inapasuka. Sirozi (maini yenye makovu) na kansa ya maini zinaweza kuuziba pia, lakini munazijua, tuache.

1. Anza na kitovu. Muulize mama yake, si mgonjwa. Kilitoa usaha? Waliweka majivu ao mavi ya ng'ombe? Mikrobi inapita na mshipa wa kitovu paka kwenye veni porta, inaziba mtoto angali mchanga na hakuna mtu anajua, anakua, anasoma, anacheza mpira, paka siku unamushika chini ya mbavu za kushoto unakuta bandama ngumu kama embe bichi.

2. Angalia makovu ya tumbo. Apandisiti iliyokaa na usaha, ao bandama iliyotolewa kisha ajali ya pikipiki.

3. Pilire (vidonge vya kuzuia mimba) zenye estrojeni, na mimba. Uliza bila haya.

4. Damu yenyewe. Hapa wengi tunadanganyika: hesabu ya chembe inarudi nzuri kabisa, kumbe bandama iliyovimba inameza zile za ziada, inaficha ugonjwa wa uboho. Omba kipimo cha jeni JAK2, ile inaharibika kwenye ugonjwa huo wa uboho, hata kama ni kutuma mbali. Protini C na S, zile zinazuia damu kuganda ovyo, zikiwa chini usishangilie haraka kama umepata sababu: maini ndiyo inazitengeneza, pengine ni yenyewe imechoka.

5. Ekografi ya Dopla, ile inaonyesha damu namna inapita kwenye mshipa, na uombe waandike hali ya veni porta.

MASWALI

— Dada, niko na pilire miaka tatu, niitupe?
Hapana mama. Ila kama kwenu damu iliganda kwa mtu, ona muganga akubadilishie.

— Dawa ya kuzuia damu kuganda ni ya siku ngapi?
Mara nyingi miezi 3 mpaka 6, wengine maisha yote. Lakini wachungulie umio kwanza na kamera, mishipa iliyovimba isije ikatoa damu.

— Basi karuho haiko?
Sikusema vile. Ekografi asubuhi, kikao cha wazee mangaribi.