Kabla Hujawasha Mashine ya Polishi, Jua Gari Lako Limebakiwa na Rangi Kiasi Gani

Simama mbele ya gari jeusi lililotoka kuoshwa sasa hivi, saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Angalia boneti pale mwanga unapogonga na kurudi. Utaona mikwaruzo myembamba imeuzunguka ule mng'ao, duara ndani ya duara. Ukisogea hatua moja, duara nazo zinasogea pamoja nawe. Kumbe mikwaruzo yenyewe haikuchorwa kwa mduara. Imeenda kila upande, ila jicho linakamata ile tu iliyokaa kukingama na mwanga. Imetokana na vumbi na mchanga uliosuguliwa kwa kitambaa wakati wa kuosha na kukausha.

Ukimpelekea fundi wa barabarani, pale Sinza au Mwenge jijini Dar es Salaam, jibu utakalolipata mara nyingi ni moja: "Hiyo ndogo bosi, nipe saa moja." Saa moja haitoshi kuondoa mikwaruzo ya gari zima, hata kama gari ni dogo kama Vitz. Inatosha kuifukia. Kuna polishi zenye mafuta na vijazio ambavyo huingia ndani ya mikwaruzo na kuificha, gari likang'aa vizuri sana, na baada ya kuoshwa mara chache kila kitu kinarudi kilipokuwa. Si kosa kufukia kama unauza gari kesho na mnunuzi anajua. Ila usilipie kufukiwa kwa bei ya kuondolewa.

Kuondoa ni kazi nyingine kabisa. Mashine na kampaundi, ile dawa ya kusugulia, hukata uso wa rangi, kidogo kidogo, mpaka uso ushuke hadi usawa wa chini ya mkwaruzo. Hakuna kinachoongezwa. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuzingatia si mashine gani ununue, bali una rangi kiasi gani ya kukata.

Rangi ya kiwandani ina matabaka: andakoti, yaani rangi ya chini, kisha rangi yenyewe, kisha lile tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Yote kwa pamoja mara nyingi huwa kati ya mikroni 90 na 160 (mikroni 1,000 ni milimita moja), na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Karatasi ya fotokopi ina unene wa mikroni 100 hivi, kwa hiyo rangi yote ya gari lako ni kama karatasi moja au moja na nusu, na unachoruhusiwa kukigusa ni sehemu ndogo ya karatasi hiyo. Kukata mikroni chache hakuna shida. Shida ni kukata mikroni chache mahali ambapo mwingine alishakata kabla yako. Magari yetu mengi yalitumika Japani kwanza, huenda yakapigwa polishi huko kabla ya kuuzwa, yakapigwa tena yadi hapa Dar, kisha mwenye gari wa kwanza naye akapiga yake. Klia ndiyo inayobeba kinga dhidi ya jua, na jua letu halisubiri ukishaipunguza.

Kwa hiyo tafuta kipimo cha unene wa rangi. Ni kifaa kidogo kinachoshikika mkononi, na kama huwezi kununua, azima au mlipe mwenye nacho apitie gari lote. Pima kila kipande mahali kadhaa. Namba zikiwa 100 au 120 kote, hiyo ni rangi ya kiwandani. Mlango mmoja ukisoma 250 wakati wenzake wanasoma 110, ulishapigwa rangi upya. Ukisoma 600 na kuendelea, kuna puti chini, ile ya kujazia mabonde. Usidhani kwamba unene huo ni akiba: unaweza kuwa ni andakoti na puti tupu, huku klia ya juu ikiwa nyembamba na laini kuliko ya kiwandani. Kipimo hiki hakisomi bampa za plastiki, na kwa boneti za alumini unahitaji kile kinachopima metali zote mbili, si chuma peke yake. Kama kipimo hakipatikani kabisa, tumia macho. Chunguza kingo za raba za milango na ndani ya buti, utafute mstari wa tepu, vumbi la rangi, au nati za fenda zenye alama za spana. Rangi iliyopigwa gereji juzi isiguswe mpaka aliyeipiga aseme imekomaa.

Hapa niweke neno kuhusu Toyota nyeupe, maana zimejaa mjini. Nyeupe ile ya kawaida, isiyo ya lulu, mara nyingi hupigwa tabaka moja bila klia. Angalia bati la utambulisho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kwenye mstari ulioandikwa C/TR, ndipo penye namba ya rangi. Ukikuta 040, chukulia kwamba huenda ni hiyo. Ya namna hii ukiisugua kwa kampaundi, kitambaa kinatoka na rangi, na fundi asiyejua anashtuka akidhani ameharibu. Jaribu mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheusi, kwa sababu kwenye kitambaa cheupe hutaona chochote. Inapigika polishi vizuri tu, ila ujue kwamba unakata rangi yenyewe.

Kisha mikwaruzo. Osha kucha, ipitishe kukingama juu ya mkwaruzo bila kukandamiza. Ikiteleza bila kukwama, mashine ina nafasi nzuri. Ikikwama, mkwaruzo huo umeshuka sana, na kuufukuza mpaka uishe ni kumaliza klia ya eneo zima kwa ajili ya mstari mmoja. Mikwaruzo ya pembe ya bajaji au usukani wa bodaboda kwenye foleni ya Ubungo mara nyingi iko kundi hili. Unaweza kulainisha kingo zake usiuone kwa mbali, basi. Ukiona andakoti au bati, hiyo ni kazi ya fundi rangi. Na kama paa au boneti ina mabaka meupe yanayobanduka, klia imeshakufa, na hakuna kampaundi ya kuifufua. Okoa pesa yako uiweke kwenye rangi.

Sasa mashine. Usikubali grenda, hata ikifungwa sufu mbele. Grenda ndogo ya kukatia chuma huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na mashine ya polishi ya kuzunguka kwa kawaida hufanya kazi kati ya 600 na 3,000. Kwa kasi ya grenda unachoma rangi kabla hujaiona ikibadilika. Mashine ya mzunguko mmoja inakata haraka mikononi mwa mzoefu, lakini kwa anayeanza chagua ile yenye mizunguko miwili, inayozunguka huku ikitikisika. Ukikandamiza kupita kiasi, hii huacha kuzunguka badala ya kuchoma. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye bamba linaloshika sponji, nyuma yake, ili uone kama bado linazunguka unapopita kwenye kona za mwili wa gari. Sponji iwe kubwa kidogo kuliko bamba, la sivyo ukingo wa bamba utagusa rangi. Na usinunue sponji moja. Gari zima linataka tano au sita za kukatia na mbili tatu za kumalizia, kwa sababu sponji iliyojaa kampaundi na rangi iliyokatwa hupata moto na kuanza kukwaruza upya. Uwe na brashi ya kuisafisha kila unapomaliza kipande.

Mahali pa kufanyia kazi panawashinda wengi zaidi ya mashine. Juani bati linakuwa la moto, kampaundi inakauka kabla haijafanya kazi, na unabaki na vumbi jeupe. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti, ukishindwa kuutuliza hapo, subiri. Kivuli cha mwembe si jibu, kwa sababu ya utomvu, na kwa sababu ya kunguru, ambao jijini hawana idadi na kinyesi chao hula klia. Tafuta paa, hata la turubai, mbali na barabara ya vumbi. Anza alfajiri. Angalia LUKU pia: mashine ya wati 1,000 ikifanya kazi saa tano inakula uniti 5, na umeme ukikatika katikati ya kipande, futa kampaundi mara moja kabla haijaganda. Gari zima kwa hatua moja ni kazi ya siku nzima, na kwa hatua mbili, yaani kukata kisha kumalizia, huenda ukalala na gari hapo hapo.

Maji nayo. Visima vingi vya Dar, hasa karibu na pwani, vina chumvi, na tone likikauka juu ya rangi linaacha alama ambayo utadhani ni mkwaruzo. Suuza mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, ukaushe papo hapo.

Baada ya kuosha, pitisha mkono uliovaa glavu nyembamba juu ya rangi. Zamani tungesema mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ukihisi chengachenga, rangi ina uchafu uliong'ang'ania, na unatoka kwa klei ya magari, kidonge laini kama udongo kinachonasa uchafu, pamoja na maji mengi ya sabuni. Klei ikidondoka chini, itupe, hata kama ni mpya. Ziba kwa tepu ya karatasi raba, plastiki nyeusi na kingo za milango, maana kwenye kingo klia ni nyembamba kuliko popote. Vua saa, pete na mkanda wenye bizimu. Waya upite begani.

Usianze na gari zima. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, anza na sponji laini na polishi nyepesi, pita polepole ukirudia nusu ya njia iliyopita. Futa, kisha pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta yatoke na uone ukweli, na umulike kwa tochi. Kama haijatosha, ndipo upande ngazi moja kwenda kwenye kampaundi kali. Wengi huanza na kali kwa sababu matokeo yanaonekana haraka, nami naona huo ni ufujaji. Mkwaruzo mmoja mmoja uliobaki unavumilika kuliko klia iliyoisha.

La mwisho lipange kabla ya yote: nani ataosha gari hili wiki ijayo? Kama ni vijana wale wale wenye ndoo moja na kitambaa kilichopita kwenye magurudumu ya daladala, subiri kwanza, usipige polishi. Waksi haitazuia, na hata mipako ya seramiki haizuii mchanga unaosuguliwa. Nunua ndoo mbili, glavu laini ya kuoshea na taulo za maikrofaiba mbili tatu, uziweke kwenye buti. Ukifika kwa waoshaji, zitoe, waambie wapige maji kwanza mpaka mchanga udondoke, na magurudumu yaoshwe kwa kitambaa chao wenyewe. Watakucheka kidogo. Ongeza mia tano juu ya bei yao na usimame pale pale mpaka wamalize.